Mwambie Kimeinama

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tatu, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza mke wangu. Ilikuwa presha. Alfajiri alisema kichwa kinamgonga, asubuhi tukamfikisha hospitali. Nilitoka kumtafutia uji, na niliporudi nikakuta muuguzi amesimama mlangoni ananisubiri. Uji ule niliushika mkononi mpaka ukapoa. Jioni hiyohiyo tulimzika kwao, Handeni.

Mwanamume hana eda. Mwanamke akifiwa na mume anakaa ndani, na watu wanajua kwa nini yuko kimya. Sisi matanga yakishaanuliwa tunarudi kazini. Nilirudi Manundu, Korogwe, nikafungua banda langu la cherehani. Wateja walisema pole fundi, Mungu akutie nguvu, kisha wakatoa suruali kwenye mfuko na kuniambia nipunguze kiuno. Siwalaumu. Suruali ikipwaya inapwaya tu, hata jirani akifiwa.

Sauti yake sikubaki nayo. Simu yake ilikuwa kitochi, haikurekodi kitu. Picha zake zote ni za harusi za watu wengine, amesimama pembeni, amefinya macho kwa sababu ya jua. Vilivyobaki ni vyungu vyake vichache kwenye ghala la kikundi kule Handeni, na maneno yake kwenye tovuti ya kikundi hicho. Nataka kueleza habari za hayo maneno, kwa sababu walitaka kuyaondoa, nikakataa, na hadi leo nakataa.

Mke wangu alikuwa mfinyanzi. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na bibi yake pia. Tuliishi Manundu, lakini udongo mzuri uko kwao, kwa hiyo kila baada ya muda alipanda basi, akavuka Mto Pangani, akaenda kukaa na wenzake wa kikundi wakafinyanga na kuchoma, kisha akarudi Korogwe na vyungu vimefungwa kwa majani makavu ya migomba. Mikono yake haikutakata vizuri. Hata siku ya Idi, ukiangalia kwenye mistari ya viganja, udongo ulikuwamo.

Kule kwao wafinyanzi wana desturi yao sokoni. Mnunuzi akiinua chungu, mwenye chungu anataja kasoro kwanza, kabla ya bei. Hiki kimeinama. Hiki kimeungua upande. Huu mtungi unatoa jasho. Ukikaa kimya, mnunuzi anakirudisha chini na kwenda kwa mwingine, maana wao wanasema chungu kisichotajwa kasoro ni chungu kilichofichwa kasoro. Sifa hawazitaji. Wanasema sifa mwenyewe ataziona jikoni.

Tovuti ililetwa na binti wa mdogo wangu. Amesoma mambo ya kompyuta Tanga, sasa ana stesheneri hapa Korogwe, anachapa watu barua na kuwatolea kopi. Aliwaambia akina mama wa kikundi kwamba vyungu vyao vinaweza kuonekana mbali, akawapiga picha, wao na vyungu. Kisha akaomba kila mmoja aseme maneno machache juu ya kazi zake. Wenzake walisema machache. Mke wangu hakujua maana ya machache.

Kazi hiyo ilifanyika bandani kwangu. Mke wangu alikaa kwenye mkeka anapeta mchele, binti amekaa kwenye benchi la wateja na kompyuta mapajani, anaandika kila anachosikia. Mimi nilikuwa nashona sare za shule. Wakimaliza, binti ananipa kompyuta nisome kwa sauti, kwa sababu mke wangu kusoma kulimpa shida, na alitaka kusikia kama ni yeye. Mimi nina darasa la saba, nasoma polepole, na upole huo ulimfaa. Nikifika mahali ambapo binti amerekebisha kidogo, mke wangu ananyanyua mkono wenye pumba.

"Hapo sijasema hivyo."

"Mama mkubwa, ni kitu kilekile."

"Kama ni kilekile, si uandike changu?"

Hivyo ndivyo maneno yalivyoingia. Nayaandika hapa kama yalivyokuwa, nayajua kwa moyo. Chini ya picha ya chungu cha kupikia alisema:

"Hamjambo wanunuzi. Mliotuzidi umri, shikamooni. Huku kwetu mvua imegoma na sisi tumegoma kuilalamikia. Hiki chungu kimeinama upande mmoja, kwa sababu siku ile mtoto wa jirani alilia nikageuza shingo, na mkono ukafuata shingo. Kwenye mafiga hakianguki, nimejaribu kwa maharage. Lakini kama wewe ni mtu wa kupenda vitu vilivyonyooka usikichukue, utakuwa unakitazama kila siku umenuna, na chungu kikinuniwa hakiivishi."

Na chini ya mtungi:

"Huu unatoa jasho kupita wenzake. Maji yatakuwa baridi mpaka meno yakuume, lakini sakafu yako italowa. Weka sahani chini. Usije ukasema hukuambiwa."

Nilipofiwa, sikuyasoma kwanza. Nilijua yapo. Kuna nguo zake pia ambazo sikuzigusa, nilijua ziko sandukuni. Mtu anaweza kukaa na kitu bila kukifungua, mradi ajue kipo.

Mvua za masika zilikuwa zinamalizikia siku binti alipokuja bandani amechangamka. Aliniamkia, nikaitikia, akaniuliza nimekula nini, nikataka kumdanganya, kisha nikasema kweli: sijala. Akaagiza chai na chapati mbili kwa mama wa jirani. Kisha akafungua kompyuta.

"Baba mkubwa, angalia hiki kitufe."

Juu ya ukurasa kulikuwa na alama ndogo ya dunia. Akabonyeza. Maneno yote yakageuka Kiingereza kufumba na kufumbua. Akabonyeza tena, yakawa Kijerumani. Akabonyeza tena, maandishi yakawa ya Kiarabu na ukurasa mzima ukahamia kulia. Sitadanganya, nilistaajabu. Nilikuwa na mteja mmoja, dereva wa lori, anasubiri zipu. Naye akasogea.

"Nani anatafsiri? Wewe?"

"Mashine, kaka. Ni bure. Mzungu akifungua anasoma kwake, Mchina anasoma kwake."

"Sasa ibonyeze iende Kizigua, bibi yangu asome."

"Kizigua haina."

"Basi haijafika dunia nzima," akasema dereva, akarudi kukaa. "Fundi, zipu yangu."

Binti alicheka, lakini hakukaa sana kwenye kicheko. Aliniambia kwamba kuna shida. Maneno ya wenzake wote yalikuwa yanatoka vizuri. Ya mama mkubwa yalikuwa yanatoka kama ya mtu mwenye homa. Alinisomea Kiingereza chake, kisha akanieleza kwa Kiswahili kilichosemwa. Mashine ilikuwa imeshikana na salamu, ikaona mvua, ikaona mtoto analia, ikaona shingo, ikawa haijui nani amefanya nini. Sentensi zake ndefu, alisema binti. Mashine inapenda sentensi fupi, kila moja jambo moja.

"Hakuwa anaongea na mashine," nikasema.

"Najua, baba mkubwa. Ila sasa wasomaji wanapitia hapo."

Nikala chapati. Nilidhani ameniambia tu, kama mtu anavyomwambia mwenzake habari za hali ya hewa.

Kisha ikaja wiki ya sare, shule zinafungua, sikuinua kichwa. Kazi zilipopungua, mchana mmoja, banda halina mtu, niliamua kumsoma. Nina simu ya kupangusa, ya zamani, kioo kimepasuka. Niliweka bando, nikafungua ukurasa, nikashuka mpaka kwenye picha ya chungu kilichoinama. Chini yake palikuwa pameandikwa:

"Chungu cha asili. Kimetengenezwa kwa mikono. Ni imara. Kinafaa kwa kupikia na kwa mapambo."

Nikashuka kwenye mtungi. "Mtungi wa asili. Unahifadhi maji yawe baridi. Ni mzuri kwa nyumba na hoteli."

Nilidhani nimekosea ukurasa. Nikazima simu, nikawasha. Jina lake lilikuwa palepale juu, na chini ya jina lake, maneno haya. Mapambo! Mwanamke yule aliwahi kukataa kumuuzia mtu chungu kwa sababu alisikia atakiweka kabatini. Alimwambia, chungu kisichoona moto ni tope limetoka matembezi.

Nilipofiwa sikulia mbele za watu. Siku ile nililia juu ya mguu wa suruali ya mtu, na nikalazimika kuipiga pasi upya. Lakini sikulia kwa huzuni peke yake. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinisaidia kusimama.

Nilimpigia binti. Hakukana.

"Nilinyoosha kidogo tu, baba mkubwa. Kikundi kilikubali. Ukibonyeza Kiingereza sasa kinatoka kimenyooka kabisa."

"Na Kiswahili chake kiko wapi?"

Akasema, "Ninacho kwenye kompyuta. Sijafuta."

"Kikundi kinakutana lini?"

"Alhamisi. Baba mkubwa, kule ni kwa akina mama."

"Alhamisi," nikasema.

Nilifunga banda siku ya Alhamisi nikapanda basi la Handeni pamoja naye. Hatukuzungumza sana njiani. Alinishikia begi. Sikumchukia, na nataka hilo lieleweke. Alimpenda mama yake mkubwa, alimuosha pamoja na wanawake wengine siku ya maziko. Alichokifanya alikifanya kwa ajili ya kazi, na kazi ile ilikuwa inawalisha watu.

Sasa kuna jambo ambalo msomaji wa mbali hatalijua. Kwa wafinyanzi wale mwanamume hasogelei udongo mbichi. Machimboni haendi, na vyungu vikiwa bado vinakauka kivulini havikaribii. Wanasema vitapasuka motoni. Nimeoa kwao miaka mingi na sijawahi kukanyaga pale. Siku ile walikuwa na vyungu vingi vibichi chini ya banda lao, na kikao kilikuwa humohumo. Kwa hiyo waliniwekea kigoda nje ya uzio wa miti, mbali, na nikaambiwa niseme nilichojia kutoka hukohuko. Binti yeye aliingia akakaa nao.

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Kazi yangu ni ya kimya, cherehani ndiyo inayosema. Lakini kutoka pale kwenye kigoda, usipopiga kelele husikiki. Nikapiga kelele.

"Shikamoo mama mwenyekiti!"

"Marahaba shemeji! Pole na msiba!"

"Nimeshapoa! Nimekuja kwa habari ya maneno ya mwenzenu! Kwenye tovuti!"

"Yana nini?"

"Si yake!"

Wakaangaliana. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi ambaye mke wangu alimpenda sana, akainuka na mikono yake yenye udongo.

"Shemeji, tangu lini mwanamume akausemea udongo?"

Wakacheka. Na mimi nilitaka kucheka.

"Udongo siusemei!" nikasema. "Udongo ni wenu! Nasemea maneno! Maneno nilikuwepo yakisemwa, nilikuwa nashona!"

Mwenyekiti akawanyamazisha. Ni mwanamke mzee, mwembamba, ndiye aliyemfundisha mke wangu kusugua chungu kwa kokoto mpaka king'ae. Akaongea polepole lakini sauti ilifika.

"Shemeji, nisikilize. Yule alikuwa mdogo wangu. Lakini amekwenda, na sisi tupo. Kuna watoto wanasoma kwa vyungu hivi. Binti anasema wageni hawamwelewi. Kama hawamwelewi hawanunui. Tutafanyaje?"

Neno lile lilikuwa zito, na lilikuwa la haki. Watu wengine wangesema jambo zuri pale. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikang'oa majani ya ardhini.

Binti akasimama. Akasema wamewaza njia nyingine. Wanaweza kutengeneza ukurasa wa pembeni, wa kumbukumbu, wenye picha yake na maneno yake yote, yasiguswe. Na kwenye vyungu yabaki haya mafupi.

"Hapana!" nikasema.

"Kwa nini, baba mkubwa? Si yatakuwepo?"

"Nimeshamzika! Simziki tena pembeni! Yale maneno hakuyasema ya kumkumbuka yeye! Aliyasema ya chungu! Yakae kwenye chungu!"

Kuku akapita katikati yetu. Nikaona nikinyamaza hapo wataamua, na sitapata tena kigoda kile.

"Mama mwenyekiti," nikasema, "naomba ulete kile chungu chake kilichoinama. Kimeshachomwa, hakina mwiko. Simama nacho kama uko sokoni, uniuzie kwa maneno yaliyoandikwa sasa."

Walisita, kisha yule mnene akaenda ghalani akakileta. Mwenyekiti hakusimama. Alikipakata. Binti akamsomea maneno kwenye simu, na mwenyekiti akayarudia kwangu kwa sauti: chungu cha asili, kimetengenezwa kwa mikono, ni imara, kinafaa kwa kupikia na kwa mapambo.

Alipofika "mapambo" mtu akaguna.

"Ukisema hivyo gulioni," akasema yule mnene, "unavishwa chungu kichwani."

"Mikono," akasema mwingine. "Kwani wengine wanatengeneza kwa miguu?"

Wakacheka sana, na safari hii hawakunicheka mimi. Lakini mwenyekiti hakucheka. Alikizungusha chungu kwenye mapaja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kama wanavyofanya. Kikalia vizuri. Alikuwa anaangalia mahali kilipoinama.

"Binti," akasema, "hapa hukutaja kasoro."

"Mwanzo ilikuwepo, bibi. Mashine iliichanganya. Ndiyo nikaitoa."

"Ukatoa kasoro ukaacha chungu."

Binti akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, nikasema kutoka kwenye kigoda kwamba alifanya kwa nia njema. Yule mnene akasema nia njema ndiyo imejaza vigae pale uwanjani. Kisha wakaanza kubishana wao kwa wao, kwa Kizigua, haraka, na sikuingilia. Walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema yarudi yote. Wengine walisema yakirudi, mgeni akibonyeza atasoma maneno ya homa, na hilo ni aibu kwa marehemu kuliko kunyamaza.

Hapo binti akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kabla. Inawezekana, alisema, kuiambia mashine iruke mahali. Unaweka alama kwa ndani, haionekani, na mashine ikifika hapo inapita. Ukurasa wote unageuka, pale panabaki Kiswahili.

"Kama jiwe mtoni," akasema mwenyekiti.

"Lakini mgeni hataelewa kitu, bibi. Ataona ukurasa umeharibika."

"Atauliza!" nikasema. "Sokoni asiyeelewa anauliza!"

"Na asipouliza?"

"Asipouliza hakukitaka!"

Nilisema hivyo kwa nguvu kiasi kwamba sauti ilipasuka. Sikuwa na hakika kama ni kweli. Sasa pia sina hakika. Nilijua tu kwamba mke wangu hakuwahi kumkimbilia mnunuzi.

Mwenyekiti aliamua, na alivyoamua sivyo nilivyotaka. Alisema maneno ya mdogo wake yarudi yote kama yalivyokuwa, na mashine iyaruke. Wao nao waongeze kasoro kwenye maneno yao, kwa sentensi fupi kama mashine inavyotaka, kwa sababu kasoro haihitaji maneno mengi. Lakini maneno ya marehemu yatakaa kwenye vyungu vya marehemu tu. Chungu kikiuzwa, picha inatoka na maneno yanatoka. Vikiisha vyote, yamekwisha.

"Tovuti ni duka, shemeji," alisema. "Dukani hatuweki kitu kilichokwisha. Umesema mwenyewe yakae kwenye chungu."

Nilikuwa nimesema mwenyewe. Nikakubali. Wakanipa ugali na mlenda palepale nje ya uzio, na yule mnene akaninawisha mikono, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mke wangu angefurahi kunisikia nikipiga kelele, kwa sababu alikuwa akilalamika kwamba nyumbani ameolewa na cherehani.

Nilirudi Manundu. Binti aliyarudisha maneno siku iliyofuata. Alikuja bandani kunionyesha, na nikamwomba anipe kompyuta nibonyeze mwenyewe. Nilibonyeza ile alama ya dunia. Maneno ya wote yakabadilika, ya mwenyekiti, ya yule mnene, bei, njia ya kufika, mpaka jina la kikundi. Yake yakabaki. Hamjambo wanunuzi. Mliotuzidi umri, shikamooni. Nikabonyeza Kijerumani, yakabaki. Nikabonyeza ile inayohamia kulia, kila kitu kikahama, yeye hakuhama. Nilibonyeza mpaka binti akaniambia bando litaisha.

Watu walinishauri. Fundi mwenzangu wa banda la pili alisema, "Si uvinunue wewe vyungu vyote? Uviweke ndani, picha zibaki kwenye tovuti, maneno yabaki. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Unajitesa."

"Alivifinyanga vipikiwe maharage. Nikiviweka ndani vitakuwa mapambo."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kola zake. Kusema kweli, nililiwaza shauri lake siku nyingi. Mchana banda likiwa tupu nililiwaza sana. Ningeweza. Lakini nilikwenda mpaka Handeni nikapiga kelele kwenye kigoda kwa sababu maneno yalikuwa yanadanganya juu ya chungu. Nikificha chungu nyuma ya maneno ya kweli, nami nitakuwa nimedanganya, na safari hii hakuna mashine ya kusingizia.

Mtungi ulikuwa wa kwanza kwenda. Ulinunuliwa na mtu wa hapahapa, mama mwenye mgahawa karibu na stendi ya Korogwe, aliyesoma Kiswahili chake akacheka peke yake, akaja bandani kuniambia ameshaandaa sahani ya kuweka chini. Nilimshukuru. Jioni nilifungua tovuti, na mahali pa mtungi palikuwa na picha ya chungu cha mtu mwingine. Yale maneno ya sahani hayakuwepo tena. Niliifunga simu nikamalizia kutia vifungo.

Kisha juzi binti akapiga. Nilikuwa nakata kitambaa, nikaweka simu kwenye spika juu ya meza.

"Baba mkubwa, kuna mtu ameandika. Yuko nje ya nchi. Ametumia hiyohiyo mashine kuandika Kiswahili. Anauliza kama tovuti imeharibika, mbona kuna mahali hapageuki."

"Mahali gani?"

"Kwenye chungu kilichoinama."

Nikaweka mkasi chini.

"Nimjibu nini?" akauliza. "Nikimwambia ni cha asili, kizuri, atanunua tu. Au nisimjibu, apite. Ukitaka, baba mkubwa, nisimjibu." Akaongeza, "Akikinunua, maneno yanatoka. Unajua."

"Najua."

"Basi niseme nini?"

"Mwambie haijaharibika. Mwambie hayo ni maneno ya mfinyanzi mwenyewe."

"Na atauliza yanasema nini."

"Mwambie kimeinama."

"Hivyo tu?"

"Anza na hilo. Mengine akiuliza, mwambie yote, taratibu, mpaka mtoto aliyelia."

Nilimsikia akiandika. Nikarudi kwenye kitambaa lakini sikukata, nilikinyoosha tu kwa kiganja. Baada ya muda akasema amejibiwa. Yule mtu hakuuliza bei. Alikuwa ameuliza kimeinamia upande gani.

Sikukumbuka. Nilikiona mikononi mwa mwenyekiti kwa mbali, kutoka nje ya uzio, na kabla ya hapo sikuwahi kukigeuza. Nikamwambia binti asubiri. Nikampigia mwenyekiti Handeni, nikamwamkia, nikamweleza. Akasema ngoja. Nilisikia kandambili zake zinakwenda ghalani, nikasikia mlango, nikasikia akikigonga chungu kwa kidole, kikalia.

"Kushoto, shemeji," akasema. "Ukiwa umekitazama usoni."

Nikampigia binti nikamwambia kushoto, ukiwa umekitazama usoni. Akaandika hivyo.